Barua ya wazi kwa wazazi wa watoto waliochelewa kusema

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaolea mtoto ambaye wenzake wanapiga soga naye bado anaonyesha kwa kidole. Najua maswali ya watu yanavyowachosha. Ombi langu ni moja: mpeni nafasi ya kusema, msimdai maneno.

"Sema maji! Sema kwanza ndipo nikupe!" Acheni hayo. Mtoto anayetahiniwa kutwa huzidi kunyamaza. Keti naye sakafuni mtazamane, ufuate anachokichezea yeye. Akisukuma gari, sema "gari", kisha "gari linakwenda". Akisema "ga", mwitikie kwa furaha, "Ndiyo, gari!", bila kumsahihisha. Halafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Kimya kinatuwasha, tunamjibia kabla hajaikusanya sauti yake.

Michezo ya kurudiarudia humfaa sana. Shika mpira, sema "moja, mbili...", usiurushe. Mtazame, umwache amalizie "tatu", hata kwa mguno. Wimbo anaoupenda, ukatishe kwenye neno la mwisho. Puliza mapovu ya sabuni, kisha funga kichupa umkabidhi: atatafuta njia ya kukuomba. Mkono, jicho, mguno, vyote ni usemi, vipokeeni. Milio ya wanyama nayo humjia kwa wepesi kuliko maneno kamili. Na ukimuuliza, mwonyeshe vitu viwili achague: "Maji au maziwa?"

Simu na televisheni hazimsubiri ajibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Wala msikubali kuambiwa kwamba lugha mbili za nyumbani ndizo zilizomchelewesha. Zungumzeni naye kwa lugha mnayoimudu.

Lakini michezo isiwakawize kwenda hospitali. Masikio yapimwe kwanza, hata kama hugeuka akiitwa, kwa sababu majimaji nyuma ya ngoma ya sikio yanaweza kufifisha sauti bila maumivu yoyote. Asiyetamka hata neno moja akiwa na miezi 18, au asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka 2, aonwe na mtaalamu wa tiba ya usemi. Aliyekuwa na maneno akayapoteza, mpelekeni wiki hii hii, awe na umri wowote.