Aliyeumizwa hospitalini aanze na jalada lake

Mhariri,

Mgonjwa akiumia mikononi mwa wahudumu, ndugu hulalamika kwa mganga mfawidhi, huambiwa suala linafanyiwa kazi, kisha hurudi nyumbani kusubiri. Kusubiri huko kunaua madai mengi ya haki, na inauma sana kumweleza mama aliyefiwa kwamba amechelewa.

Hapa Tanzania dai la uzembe wa kitabibu lina ukomo wa miaka 3, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi. Hospitali ikiwa ya Serikali, mdai hutoa kwanza notisi ya siku 90 inayoeleza msingi wa dai, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo afungue kesi Mahakama Kuu. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi. Akiachwa, shauri linaharibika. Kwa usalama, zihesabu siku hizo 90 ndani ya ile miaka 3.

Kwa hiyo omba nakala ya jalada la matibabu mapema, kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kupata taarifa zako. Karatasi ya kuruhusiwa peke yake haitoshi. Taja unachotaka: maelezo ya daktari ya kila siku, chati ya dawa, fomu ya ridhaa, ripoti ya upasuaji, kumbukumbu za dawa ya usingizi, majibu ya maabara.

Kwa uzazi, dai patografu. Ni karatasi moja tu ya kufuatilia uchungu, lakini inasema mengi. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa, na kufunguka kwa njia ya uzazi hupimwa kila baada ya saa 4. Kuna mstari wa tahadhari, na mbele yake kwa saa 4 mstari wa kuchukua hatua. Ukikuta nukta za mapigo zimekoma saa 2 usiku na kuanza tena saa 8, au alama za njia zimevuka mstari wa pili bila uamuzi wowote kuandikwa, hapo pana swali la kujibiwa. Zikionekana zote zimeandikwa kwa mkupuo mmoja, mwonyeshe mtaalamu.

Hata hivyo matokeo mabaya peke yake si uzembe. Lazima uthibitishe kwamba mhudumu alifanya chini ya kiwango cha mwenzake mwenye ujuzi wa kawaida, na kwamba kosa hilo ndilo lililoleta madhara. Wengi huangukia hapa pa pili. Kitambaa kilichosahaulika tumboni hujieleza chenyewe. Kidonda cha upasuaji kilichooza kinaweza kuwa na sababu tano. Unahitaji daktari wa fani hiyohiyo, asiye wa hospitali hiyo, akubali kuandika maoni yake na kusimama kizimbani.

Baraza la Madaktari Tanganyika, na lile la Uuguzi na Ukunga, huadhibu mhudumu, hata kumfutia usajili. Fidia hutoka mahakamani. Peleka malalamiko kwenye mabaraza hayo kama unataka mhudumu awajibishwe, ila usidhani ukomo unakusubiri.

Gharama za matibabu na nauli hulipwa zikithibitishwa moja moja. Risiti za mashine ya EFD hufifia ndani ya miezi michache, kwa hiyo zitoe fotokopi siku hiyohiyo, na ujumbe wa malipo ya simu usiufute.

Wanasheria wa madai,
Dodoma