Paka wako hakuchukii, anaogopa tu

Kazi yetu ni kuja nyumbani kwa watu kuwasaidia na paka waoga, na meseji tunazopokea kuliko zote zinafanana: tumemchukua paka, tangu afike yuko chini ya kitanda, usiku anatoka kula kwa kuiba, mchana hatumuoni, nadhani hatupendi. Alafu mtu anatuorodheshea alivyojaribu, wamemvuta kwa miguu, wamemzibia njia na mto asirudi ndani, watoto wamelala kifudifudi wanammulika na tochi ili wamwambie asiogope. Hiyo tochi jamani.

Ngoja tueleze kinachoendelea. Paka anawinda kweli lakini kwa udogo wake na yeye anawindwa, kwahiyo mambo yasipoeleweka kazi yake ya kwanza ni kutafuta tundu, na akiwa mle ndani ndo anapata nafasi ya kusikiliza na kunusa nyumba taratibu mpaka aizoee. Uholanzi walifanya utafiti, ukatoka 2014, kwenye kituo cha kuhifadhi paka, na paka wageni waliopewa boksi la kujificha walitulia mapema kuliko wenzao ambao hawakupewa. Ukimtoa kwa nguvu unamrudisha sifuri, na safari hii amejifunza kwamba hata kujificha hakusaidii.

Ndo maana tukija kwako mara ya kwanza hatumtafuti paka, tunakaa chini tunapiga stori na wewe, na wateja wengine wanashangaa kwamba ndo hiki nimewaitia? Ndiyo. Tukiwa pale tunaangalia nyumba zaidi kuliko paka: anapita wapi kwenda kula, sanduku lake la mchanga la kujisaidia liko wapi, mlango gani unabamizwa, nani anamkimbilia kila akijitokeza.

Sanduku ndo lina kesi nyingi kuliko vyote. Watu wanaliweka pembeni ya mashine ya kufulia, mashine ikianza kutetemeka paka yuko katikati ya haja yake, hapo usitegemee arudi. Hesabu inayotumika ni idadi ya paka ongeza moja, ila yawe sehemu tofauti, maana matatu yaliyobanana kona moja paka anayaona ni moja. Maji na chakula pia visikae jirani na choo, hata wewe usingekubali. Na kama una paka wawili ambao "hawapigani", hebu mwangalie vizuri yule anayejilaza kwenye korido, macho nusu, unadhani amelala, kumbe amekaa kwenye njia ya kwenda kwenye sanduku na mwenzake ameshaelewa, anageuza anarudi chumbani, siku mbili baadae unakuta mkojo kwenye godoro na lawama anabebeshwa aliyekojoa.

Hakojoi hapo kukukomoa, hiyo tuiache kabisa, na ukimpiga au kumrushia maji anachojifunza ni kukuogopa wewe. Lakini kabla ya yote tunaomba aonwe na daktari wa mifugo, maana hofu ya muda mrefu inaweza kumletea paka matatizo ya kibofu na vilevile maumivu yanaweza kuonekana kama hofu. Paka dume akichuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki usituandikie sisi, mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo, njia ikiziba anaweza kufa. Akipitisha siku nzima hajagusa chakula pia mpeleke, ini la paka linaharibika haraka akikaa na njaa. Na anayejilamba tumbo mpaka manyoya yanaisha, huyo sio msafi kupita kiasi.

Kwa upande wa watu, kazi kubwa ni kujizuia. Kaa chini, geuka ubavu, nyoosha kidole kimoja usawa wa pua yake kisha usikisogeze. Akija akanusa na kusugua shavu hapo amekubali, mkune kidogo shavuni au chini ya kidevu alafu acha, uone kama anaomba tena. Akitazama pembeni au mkia ukianza kuchapa sakafu, basi, imetosha. Kufumba macho taratibu na kufumbua nako kunafanya kazi, watafiti wa chuo kikuu cha Sussex walichapisha hilo 2020, paka waliofumbiwa macho hivyo walijibu vilevile na walisogea zaidi hata kwa mtu wasiyemjua. Watoto wanaupenda sana huu mchezo na bora huo kuliko tochi. Sheria ya watoto iwe moja tu, paka akiwa kwenye boksi lake haguswi.

Zile difyuza za kuchomeka ukutani, zinazotoa harufu ya kumtuliza paka, tunaulizwa sana, kuna nyumba zinasaidia, ila kama sanduku bado liko kwenye mashine usipoteze hela.

Muda hatuahidi. Wengine wiki inatosha, wengine miezi, na paka ambaye hakuzoeshwa watu akiwa mdogo, hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7, anaweza asije kuwa wa kupakatwa kamwe, atakaa mwisho wa kochi mkaangalie wote TV na kwake huo ni upendo mkubwa. Tunakwambia mapema kabla hujalipa.

Ukitaka tuje, tutumie video fupi ya kila chumba, ipigwe kutokea chini usawa wa paka, na utuandikie nani analala wapi. Paka mwenyewe usimrekodi, muache.