Miligramu 25 pekee hazielezi tiba

Mhariri,

Habari za majaribio ya kutibu sonona kwa silosibini, kemikali ya uyoga unaoleta maruweruwe, hutaja kipimo, mara nyingi miligramu 25, na idadi ya waliopata nafuu, basi. Nusu ya tiba inaachwa nje.

Silosibini na kemikali nyingine mbili zinazoleta maruweruwe, LSD ya maabara na meskalini ya mimea, hushika vipokezi vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo wa mtu yeyote. Lakini ataona nini, ataogopa nini na kesho yake atasema amepata nini, hayo hutegemea alikolelewa na walio naye chumbani. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia Anthony Wallace aliwalinganisha Wazungu waliopewa meskalini kwenye majaribio na wenyeji asilia wa Marekani wanaokula peyote, aina ya dungusi kakati (cactus) yenye meskalini, katika ibada. Wazungu walipanda na kushuka kihisia, wengine wakatupa adabu kando. Wenyeji walitulia, wakanyenyekea, wakajisikia wamepona.

Si ajabu. Ibada ya peyote ina kiongozi, moto, ngoma yenye maji ndani, nyimbo za kupokezana hadi asubuhi, na maji ya kunywa yanayoletwa usiku wa manane na tena alfajiri. Anayeingiwa na hofu ana cha kushika. Katika maabara nyingi za miaka ya 1950, mtafiti alikaa na daftari akingoja dalili za wazimu, kwa kuwa LSD ilitazamwa kama njia ya kuuiga. Akazipata.

Au chukua kutapika. Wengi wanaokunywa ayahuasca, kinywaji cha mimea kinacholeta maruweruwe, hutapika. Kwenye fomu ya daktari hilo ni dhara la dawa. Kwa waganga wengi wa Amazoni ni uchafu unaotoka, na wimbo unaendelea. Asiyeambiwa hayo mapema hudhani amelishwa sumu, na usiku wake wote unaharibika hapo.

Majaribio ya leo nayo yana ibada yake, hata kama hayaiiti hivyo: mazungumzo ya maandalizi, wasimamizi wawili, kitambaa cha macho, muziki uliochaguliwa, kisha mazungumzo ya baadaye. Mgonjwa akimwona marehemu mama yake, na kwao marehemu huja kweli, msimamizi anayemwambia "ni ubongo tu" anamtia hofu palepale. Kwa hiyo waandishi waulize: muziki gani, wasimamizi gani, mgonjwa aliambiwa atarajie nini, na washiriki walitoka jamii zipi?

Yapo ambayo utamaduni hauyagusi. Ayahuasca huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini. Ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona inaweza kuua. Iboga, mmea ambao mzizi wake huliwa katika ibada ya Bwiti nchini Gabon, huvuruga mapigo ya moyo, nao moyo hausikilizi nyimbo. Hayo pia yaandikwe, tena kwa herufi zinazosomeka.

Msomaji wenu