Joto la Cambodia na kazi ya mabomu

Mwanangu mpendwa,

Joto la Cambodia si la Morogoro. Aprili, kabla ya mvua, hufika nyuzi 38 na kupita, na hewa ni nzito, jasho halikauki mwilini. Ndiyo maana panya buku, wale wa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, hufanya kazi alfajiri, jua likipanda wanarudishwa kivulini. Kabla ya kumtoa, mpake masikio na mkia mafuta ya kukinga jua, kwani huko hana manyoya. Wewe na mwenzio simameni kwenye njia zilizokwisha kusafishwa, kamba kati yenu. Panya ana uzito wa kama kilo moja tu, halipui bomu. Panya Magawa, aliyezaliwa hapa kwetu na kupewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020, alifanya kazi hivyo hivyo. Panya akikwaruza ardhi, amenusa bomu; andika mahali hapo kwenye ramani. Akizubaa, mwondoe. Panya aliyechoka anaweza kupita juu ya bomu bila kukwaruza, na watoto wa watu watakuja kulima hapo.

Kinachonitisha zaidi ni kazi inayofuata, ya kuchimba. Kioo cha kukinga uso hushika ukungu, jasho likaingia machoni, na mkono ukatamani kukiinua. Usikiinue, mwanangu, hata kidogo tu. Rudi kwa njia salama hadi kwenye kivuli cha mapumziko, ndipo ukivue. Kifute kwa kitambaa laini chenye maji, maana vumbi hukichubua, na kioo kilichochubuka huficha waya mwembamba wa kutegea.

Kiangazi udongo unakuwa mgumu kama tofali. Umwagie maji, usubiri yazame, kisha chimba kutokea pembeni, ukianzia mbali kidogo na pale mashine ya kutambua chuma inapolia. Sindano ndefu ya kupapasia udongo iingie kwa mlalo wa nyuzi 30. Ukiilazimisha kutoka juu unabonyeza kifuniko, na PMN-2, aina ya bomu la ardhini, ina mpira wenye umbo la msalaba juu, haihitaji nguvu nyingi.

Kunywa maji kila pumziko bila kungoja kiu. Maji matupu siku nzima huleta mkazo wa misuli, kwa hiyo changanya na chumvi ya kuongeza maji mwilini, ile ya pakiti za dawa. Kichwa kikiuma au mikono ikitetemeka, mwambie kiongozi wa timu papo hapo. Asikutie aibu mtu.

Beba fulana za pamba za kutosha, zitaloa kabla ya saa nne.

Mama yako