Risala ya Chama cha Wasomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiswahili Duniani, Gulu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya Chama cha Wasomaji nakukaribisha Gulu. Tunajua ratiba yako imebana, kwa hiyo historia ya chama, orodha ya viongozi na hesabu ya mfuko wetu tumeviandika kwenye karatasi uliyopewa mlangoni. Dakika zetu tunaomba tuzitumie kukueleza tumesoma nini, na kusoma huko kumetufanya nini.

Kitabu kilichotusumbua kuliko vyote mwaka huu ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1951. Tunayo nakala moja tu. Jalada lake lilishatoka, tumelivalisha karatasi ya kaki, na kurasa za katikati zinashikiliwa na uzi wa kushonea. Jumamosi, nguo zikishaanikwa, tunakaa chini ya mwembe, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanaandika maneno magumu kwenye madaftari. Tukifika mahali pa ubishi, msomaji anaweka kidole kwenye mstari na kitabu kinasubiri.

Ubishi mkubwa ulizuka juu ya Karama, mhusika mkuu. Kosa lake ni kutaka kufundisha sheria katika Kusadikika, nchi ya kubuni ambayo wakubwa wake hawapendi sheria ijulikane. Waziri Majivuno anamshtaki mbele ya mfalme. Karama anapewa siku sita za kujitetea, na wengi wetu tulitazamia aanze kulia na kuomba msamaha, kama tunavyofanya sisi mbele ya mwalimu wa zamu. Haombi. Siku zote sita anawasimulia wajumbe waliotumwa kutoka Kusadikika kwenda pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, na kila mmoja akapokelewa kwa kifungo. Mwisho wa kesi anaachiwa yeye, na wale wafungwa pamoja naye.

Swali tulilobishania ni hili: nani jasiri zaidi, wajumbe au Karama? Mimi nilisimama upande wa wajumbe. Walikwenda mbali, waliteseka njiani, na walirudi wakijua pengine hawatashukuriwa. Dada mmoja wa kidato cha tatu akanijibu kwamba hakatai ushujaa wao, ila kila mmoja alirudi peke yake na akasema peke yake, ndiyo maana gereza liliwameza mmoja mmoja. Karama aliwakusanya wote katika kesi moja, mbele ya baraza zima. Nilitafuta jibu, sikulipata, na bado ninalitafuta. Tukumbuke pia kwamba mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni alipoandika haya. Nchi yake akaiweka angani, na msomaji mwenye macho akajua iko wapi duniani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usidhani vitabu vyote vilitupa raha ya namna hiyo. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, ilituacha tumenuniana. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kule Tanganyika. Kinjeketile aliwapa watu maji waliyoamini yatawakinga na risasi za Wajerumani. Maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa hayaelewani; maji hayo hayo hayakuzuia risasi hata moja. Mwishoni Wajerumani wanamtaka Kinjeketile atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu akitamka hivyo vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba kupigania uhuru kulikuwa kosa. Nusu ya chama inamwona shujaa. Nusu nyingine inauliza nani atawajibu mama wa wale vijana waliokufa wakiamini. Hapa Gulu swali hilo halibaki kitabuni. Wapo wazazi hapa ukumbini waliokaa kambini wakati wa vita vya hapa kaskazini mwa Uganda, na wanajua zaidi yetu nini hutokea vijana wanapoahidiwa kwamba risasi haitawapata. Hatukupiga kura. Mlezi wetu alisema tuache hivyo, na nadhani alikuwa sahihi.

Kisha tukarudi nyumbani, kwa Okot p'Bitek, mtoto wa Gulu, aliyezaliwa mwaka 1931. Wavulana walifurahi kusikia kwamba mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya mpira, kisha akabaki huko kusoma. Shairi lake la Lawino alilitunga kwanza kwa Kiacholi. Kwa Kiingereza lilitoka mwaka 1966, na baadaye likapata Kiswahili chake, Wimbo wa Lawino. Lawino anamkemea mumewe, Ocol, anayedharau kila kitu cha kwao, na anamkumbusha methali ambayo bibi zetu wanaijua bila kitabu: mmea wa maboga ulioota kwenye boma la zamani usiung'oe. Nakiri kuna mahali Lawino anazidisha. Wasichana wetu hawakubali yote anayosema juu ya mwanamke wa kisasa. Lakini mwandishi mwenyewe aliishi alichokiandika. Aliongoza Jumba la Maonyesho la Taifa pale Kampala, akakosana na serikali ya wakati ule, kazi ikaenda, akaishi uhamishoni Kenya. Byron Kawadwa, aliyeliongoza jumba hilo baada yake, alikamatwa mwaka 1977 enzi za Rais Idi Amin, akauawa. Tukiwasoma watu hawa hatuwezi kusema mchezo wa kuigiza ni burudani tu.

Tumefanya nini na haya yote? Muhula uliopita vitabu vya hadithi vilikuwa vimefungiwa stoo kwa hofu kwamba vitapotea. Kulikuwa na wenzetu waliotaka kugoma, na Mheshimiwa unajua migomo ya shule inavyoishia: madirisha, polisi, wazazi kuitwa. Chama kikaomba baraza. Tuliingia wengi, kila darasa na msemaji wake, na tukaja na daftari la kuazimia tulilochora mistari wenyewe. Mwalimu Mkuu yupo hapa, na kwa kuwa anatabasamu naendelea: stoo sasa inafunguliwa Jumatano na Ijumaa. Vitabu viwili havijarudi. Tunavitafuta.

Kazi iliyo ngumu zaidi ni ya nje ya geti. Kiswahili hapa Uganda kina jina zito. Gavana Gowers wa serikali ya kikoloni alipotaka kukieneza mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alipinga. Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na mzee wetu mmoja anatuambia kwamba yeye akisikia Kiswahili anasikia kizuizi cha barabarani na sauti ya kumwamuru alale chini. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Uamuzi ni mzuri, lakini hauwezi kumwondolea mzee yule kumbukumbu yake. Tunachoweza sisi ni kumwalika asikie Kiswahili kikibembeleza, kikitania, kikitetea mtu. Leo amekuja, ameketi safu ya pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu si mengi. Tunaomba nakala za vitabu nilivyovitaja, ili uzi ule upumzike. Tunaomba kabati lenye kufuli. Tunaomba utusemee wilayani tupate mwalimu wa pili wa Kiswahili, maana aliyepo anafundisha shule nzima peke yake na sauti yake imeanza kukauka.

Na moja la mwisho, la leo hii. Baada ya chakula tutaigiza kesi ya Karama. Kijana aliyepangiwa kiti cha mfalme amelala na malaria tangu jana. Tunakuomba ukikalie wewe. Maneno ya mfalme ni machache, tumekuandikia kwa herufi kubwa. Kazi yake hasa ni kukaa na kusikiliza siku zote sita, ambazo tumezifupisha ziwe nusu saa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, Chama cha Wasomaji