Seli ya ini inapozuiwa kufa

Ndugu Mhariri,

Habari za chanjo ya malaria huishia kwenye kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa vimelea. Hata sisi wa Tanga, ambao Korogwe yetu ilikuwa pamoja na Bagamoyo kati ya vituo 11 vya Afrika vilivyofanya majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ni nadra kusikia kifo cha seli kikitajwa. Mapambano ya wiki ya kwanza yako hapo.

Mbu akishauma, vimelea huingia kwenye ini na kujificha ndani ya seli zake. Seli iliyoingiliwa ina njia ya kujiua kwa mpangilio, yaani apoptosisi: hujikatakata, huweka juu ya utando wake alama ya kuliwa, na seli nyeupe huizoa. Ikisita, seli T, yaani seli nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa, huitoboa kwa protini iitwayo perforini na kuipenyezea kimeng'enya kiitwacho granzaimu ili ijiue. Kimelea hukizuia kifo hicho kwa siku 7 hivi, hadi kizae makumi ya maelfu ya wenzake. Ndipo seli hufa, lakini kifo cha namna nyingine. Kwa panya wa maabara vimelea vimeonekana vikitoka ndani ya vifuko vya utando wa seli ileile, bila alama ya kuliwa, vikiwapita walinzi kama mzigo uliokwisha kulipiwa ushuru.

Vikitoka kwenye ini, vimelea huingia kwenye chembe nyekundu za damu. Huko seli T hizo za kuua hazina la kufanya: chembe hizo hazina kiini, wala haziwaonyeshi walinzi kilichomo ndani. Kazi hubaki kwa kingamwili na wengu unaochuja damu, na vimelea vya falsiparamu, aina ya malaria iliyo kali zaidi, huukwepa wengu kwa kuzifanya chembe zinate kwenye kuta za mishipa.

Hili lina maana hata kwa anayekwenda kupima. Mgeni kutoka kusiko na malaria akipata homa siku ya 3 tangu afike Tanga, atafutiwe chanzo kingine. Vimelea, kama vipo, bado viko kwenye ini na kipimo cha damu hakivioni. Homa ya malaria kwa kawaida huanza siku ya 10 hadi 15 baada ya kuumwa. Homa ikiendelea, apimwe tena. Aliyemaliza dawa mseto naye asikimbilie kipimo cha haraka kujua kama amepona: hicho hunasa protini ya kimelea, nayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aombe hadubini.

Msomaji wa fani ya maabara,
Muheza, Tanga