Dada, ile saa ya mama ilikuwa sahihi

Assalam alaykum dada. Nakuandikia huku maana meseji zangu unazisoma halafu unakaa kimya, tiki za bluu naziona. Mama mdogo kasema mambo ya ndani hayaanikwi barazani, lakini ya mama wewe umeshayaanika mbele ya wanafunzi wa Marekani, sasa sijui nani kaanza.

Kwanza hongera, watu wasije wakasema nina wivu. Profesa kamili wa saikolojia, anafundisha ubongo, mtoto wa Ngamiani! Mimi sikushangaa hata. Nilikuona ile Idi kubwa uani, umekipasua kichwa cha mbuzi kwa shoka la jirani, ubongo umeutoa mzima kiganjani unatuonyesha mikunjo yake, na bibi anapiga kelele lete huo ubongo uingie chunguni wageni wanafika. Ukaja kuula na ndimu huku unanung'unika.

Na kazi yako naijua, enzi zile ulikuwa unapiga simu. Lile somo la takwimu wanafunzi wanalikimbia, darasa la mwaka wa kwanza watu mamia, maombi ya pesa za utafiti yanarudishwa, miaka kama sita unaangaliwa tu ndio wakupe ajira ya kudumu. Halafu panya. Ulimweleza mama kwamba panya mnamtia kwenye pipa la maji yaliyotiwa maziwa asione chini, aogelee mpaka akumbuke kijukwaa cha kusimama kiko wapi, na yule aliyeharibiwa hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu mpya, anazunguka weee hakioni. Mama akauliza, "Maziwa? Mnamwogesha panya maziwa?" Siku hiyo tulicheka mpaka bando likaisha.

Tena nitakuwa mnafiki nisiposema ulinisaidia. Mama alipoanza kusahau, anauliza kama baba karudi bandarini na baba tumemzika zamani, jioni anakaa anasuka ukili hakosei hata njia moja, mimi nikasema huyu anafanya makusudi. Wewe ndio ukanieleza habari za Henry Molaison, aliyepasuliwa kichwa kule Hartford mwaka 1953 kutibiwa kifafa, wakamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, akawa hawezi kushika jambo jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner akamchorisha nyota kwa kutazama kiooni, siku tatu, kila siku hakumbuki kama aliwahi kuichora na mkono unazidi kunyooka. Wallahi nilipata utulivu, nikaacha kumgombeza mama.

Sasa ile siku. Ulikuja likizo, tumekaa barazani, shangazi yupo, majirani wamekuja kukuona wewe. Ukatoa karatasi ya kupima kumbukumbu kwenye begi. Ukamwambia mama, mia toa saba. Mama akauliza, "Saba ya nini?" Watu wakacheka, na wewe ukacheka, ukaandika. Ukampa kalamu achore saa, aweke namba zote, mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi. Akachora duara lake limepinda kidogo, namba kumi na mbili zote akazipanga, akafikiri, akaweka mshale mfupi kwenye tano, mrefu kwenye mbili. Dada, saa kumi na moja na dakika kumi si ndiyo hiyo? Ndiyo saa aliyokuwa anawasha moto wa chapati za jioni maisha yake yote. Wewe ulitaka mshale ukae kwenye kumi na moja kama fomu yenu inavyotaka, ukampigia msalaba na kalamu nyekundu. Na aliuona. Akajifuta mikono kwenye kanga, na haikuwa na kitu ile mikono, akanyanyuka akaingia ndani. Nikakwambia palepale, ukasema tutaongea baadaye.

Hilo ningelimeza. Ila nikatumiwa video ya mhadhara wako. Umeanza na Molaison, unawaeleza alivyositiriwa, vitabuni ni H.M. tu, herufi mbili, mpaka alipofariki 2008 ndio dunia ikajua jina lake. Slaidi inayofuata saa ya mama! Na pembeni jina lake, alilojiandikia kwa mkono wake. Yaani Mmarekani kafichwa jina zaidi ya miaka hamsini, mama yako mzazi umeshindwa kumsitiri, tena kwa kosa ambalo hata kosa sio.

Ndio maana siku ya arobaini ya mama nikasema kwenye simu, spika iko wazi mashangazi wote wanasikia, kwamba mama hakuwa panya wako. Wanataka nikuombe radhi. Radhi ya nini? Usiku nani alikuwa anambadilisha? Na hilo la kuzika bila kukungoja, maiti hangoji ndege, umelijua tangu chuoni kwa maalim. Wazee walishatoa neno, ningemweka mochwari siku tatu ili roho yako itulie?

Nakushauri kama mdogo wako, chukua likizo uje ukae na watu bila fomu. Na usiniambie nimeongeza chumvi. Najua unafundisha kumbukumbu ikitolewa inaweza kurudi imebadilika, wale panya wa mtafiti Nader wa mwaka 2000 ulinisimulia mwenyewe. Lakini panya hawakuwepo barazani, mimi nilikuwepo, na shangazi yuko hai muulize.

Slaidi itoe. Ukishindwa basi futa jina, futa na msalaba uweke tiki, uwaeleze hao watoto wa watu kwa nini.

Mengine, mpangaji wa chumba cha mbele kahama na deni, na bati za uani zinavuja upande wa choo, fundi anataka nusu ya pesa kabla ya masika. Tuma kwa namba ya shemeji yako, yangu imefungiwa.